Samurai Tuliyekataa Kumzima

Juzi jioni nilikwenda kumwita binti yangu mezani, nikamkuta amekaa mbele ya televisheni na samurai wake. Ni mchezo mpya, mzuri ajabu. Nyasi zinayumba, mvua inanyesha, na matope unayaona mpaka kwenye viatu vya mtu. Bukari, ugali wetu, ilikuwa inapoa. Akainuka, akanyoosha mkono kuzima mashine, na mimi bila kujua nikapiga kelele: "Ushizime!"

Alinitazama kama unavyomtazama mtu mwenye homa. "Maman, sauvegarde inajifanya yenyewe," akasema; michezo ya siku hizi inajihifadhi yenyewe. Akazima, akaenda kunawa mikono.

Wewe uliyekulia Lubumbashi enzi zetu labda umeshanielewa. Mashine yetu haikuhifadhi chochote. Ukizima, samurai anarudi mwanzo kabisa, kwenye daraja la mbao, na kazi yako yote imekwenda na maji. Na ile mashine haikuwa yetu peke yetu. Sanduku lilikuwa la jirani zetu, televisheni ilikuwa yetu. Baba wa jirani, fundi wa mitambo kwenye kampuni ya shaba kama baba yangu, alilinunua Ndola, ng'ambo ya mpaka, likiwa limeshatumika, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Kwa kuwa kwao hakukuwa na televisheni, sanduku lilikaa sebuleni kwetu, na binti yao alikuwa karibu mtoto wa nyumba yetu. Tulikuwa rika moja.

Yeye ndiye aliyetusomea. Maandishi yakijaa kwenye kioo, watoto wote wa barabara yetu wananyamaza, naye anasoma bila kusita: "Anasema anatafuta mama yake. Bale balinzi banamukatalia njia." Hakuna aliyemuuliza Kijapani alijifunzia wapi. Kambo, mama mzaa baba yangu, alikuwa akikaa nyuma yetu anachambua matembele, akijifanya hasikii. Siku moja mchezo ulipokwama akauliza kwa hasira, "Na ule mama, iko wapi basi?" Tulicheka mpaka tukalala chini. Harufu ya bitoyo, samaki wa chumvi, wakikaangwa bado inanirudisha pale, kwenye sementi iliyopakwa nta nyekundu.

Kisha mambo yakaharibika. Kampuni ilikuwa imeanza kufa, na watu wakatafuta wa kumlaumu. Barabarani ikaanza kusemwa kwamba familia zilizotoka mkoa wa jirani zirudi kwao. Rafiki yangu, yule binti wa jirani, alihesabiwa miongoni mwao, ingawa alizaliwa hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Mama yake alikuja jikoni kwetu, akakaa kwenye kigoda, akamwambia mama, "Banasema twende kwetu. Kwetu ni wapi? Miye nilizalikia hapa." Mama alimwekea chai, na chai ikapoa.

Walihamia gare, kwenye stesheni, na magodoro yao kungojea treni, kwa sababu nyumba haikuwa salama tena. Siku ile ya kuhama sisi wawili tulikuwa tumefika mahali ambapo hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyekuwa amefika: mlango wa ngome, ule wa mwisho. Mama yake alikuwa anaita nje. Rafiki yangu akamsimamisha samurai mbele ya mlango, akaweka kidude cha kuchezea chini taratibu, akatuambia mimi na kambo, "Mushiizime. Nikirudia, tutaingia." Hakutaka nifike mwisho bila yeye, na mimi pia sikutaka.

Tukaiacha ikiwaka. Televisheni tuliizima, lakini taa ndogo nyekundu ya sanduku ilibaki. Baba alinung'unika juu ya umeme unaoliwa, kisha akaacha. Na kambo, aliyekuwa akiliita kintu ya shetani, ndiye aliyeondoa kitambaa chake cha kufuma juu yake ili lisipate joto. Nilimkuta mchana analipepea kwa upepeo wa mbabula, jiko letu la makaa. Hakunitazama. Aliendelea kupepea tu.

Kila tulipoweza, kambo na mimi tulipeleka sufuria ya chakula gare. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye reli, chini ya maturubai na mashuka, wanapika, wanakohoa, wanasuka nywele za watoto. Rafiki yangu alikuwa anakonda. Kabla ya kugusa chakula aliuliza, "Iko?" Kambo anajibu, "Iko. Anasimama pa mulango." Ndipo anakula.

Halafu usiku mmoja umeme ukakatika. Si kwetu tu. Mji mzima, na gare pia. Uliporudi, taa nyekundu iliwaka yenyewe, nami nikawasha televisheni. Samurai alikuwa kwenye daraja la mbao. Nilikaa nikamtazama. Sikulia. Ningependa kukuambia nililia, lakini mwaka ule kitu ndani yangu kilikuwa kimekufa ganzi, na mpaka leo sijui kama kiliamka.

Kesho yake tukapeleka sufuria. Rafiki yangu alikuwa amekaa gizani usiku ule kama sisi sote. Aliona taa za gare zikizimika. Alijua. Akamtazama kambo usoni, akauliza, "Iko?"

"Iko," kambo akasema. "Anasimama pa mulango. Anakungojea."

Akatikisa kichwa kukubali, akala akamaliza. Mimi nilishika kifuniko cha sufuria.

Mara iliyofuata tulikuta treni imeshaondoka. Palibaki majivu ya mbabula, kandambili moja moja, na nyasi zilizolala pale walipokuwa wamelala watu. Kambo aligeuka na sufuria yake imejaa, tukarudi kwa miguu. Habari zao hazikutufikia tena. Baadaye sanduku nalo likatoka nyumbani kwenda kuuzwa, na televisheni, na viti, jinsi vitu vilivyokuwa vikitoka katika nyumba zote za kampuni. Kambo alizikwa kabla sijaolewa. Ile barabara bado ipo, ila ukiuliza hapo nani aliishi nyumba ya pili, ile ya rafiki yangu, watakutajia watu wengine.

Baada ya kuosha vyombo niliwasha mashine ya binti yangu. Samurai alikuwa palepale alipoachwa, ndani ya mvua, mkono kwenye upanga. Nikakaa kwenye kiti. Sikugusa chochote.

Binti yangu alipita, akasimama. "Maman, uko nacheza?"

"Apana," nikamwambia. "Niko namuchungia mutu."