Buti la Chuma na Mkeka wa Mama

Harufu ya ngozi iliyopakwa gundi hunirudisha Temeke, kwenye karakana ya hospitali nilikopimwa mguu wangu wa kushoto uliopoozwa na polio. Nilikuwa na miaka saba. Daktari wa viungo alinilaza juu ya karatasi, akauchora mguu kwa penseli iliyonitekenya, kisha akaandika: chuma kirefu hadi pajani, kifungwe kwenye buti, kivaliwe kutwa nzima. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa amekwisha kumwambia mama kwamba ataniandikisha shule nikiweza kwenda mwenyewe kwa miguu, kwa hiyo maandishi yale mama aliyashika kama cheti cha ndoa.

Nikatembea. Nilitamba mtaa mzima, kacha kacha, hadi kuku wakanikimbia. Ila kwetu viatu viliishia mlangoni, na buti na chuma vilikuwa kitu kimoja. Nikirudi, mama alifungua mikanda yote, nami nikaingia nikitambaa kama zamani. Hakuna aliyeona kosa. Miezi miwili baadaye daktari alijaribu kuunyosha mguu, goti likagoma. Alisema likizidi kujikunja, chuma hakitanifaa tena. Akamuuliza mama navaa muda gani.

"Kutwa, daktari. Akiingia ndani ndiyo namvua."

"Kwa nini unamvua?"

"Si tunaswali mle? Viatu vitaingiaje?"

Daktari hakumcheka. Alisema kosa ni lake yeye daktari, kwa kuwa hakuuliza mapema, akaongeza chini ya maandishi yake: hata ndani ya nyumba.

Tangu siku ile mama aliweka kopo la maji na kitambaa mlangoni. Kila nilipoingia alipiga magoti, akazifuta soli zangu mpaka tope la mwisho, ndipo nikaukanyaga mkeka wake. Nami kwa ujanja wangu nilitoka na kuingia mara kumi kwa siku ili tu aniinamie. Alijua, akanuna, akafuta. Goti likanyooka kidogo kidogo, na mwaka uliofuata nikaanza darasa la kwanza.

Siku hizi kifaa changu ni cha plastiki, chepesi, kinaingia kwenye kiatu chochote. Nyumba yangu ya Tabata ina vigae, navaa viatu hadi chumbani. Ni raha, sikatai. Lakini mama amekwisha kutangulia mbele ya haki, na namkumbuka sana. Nikitoka kazini husimama kidogo mlangoni, kisha naingia na vumbi langu.