Mashine Ambayo Vaimoana Hakuitazama

Mimi nauza vilivyotumika. Nguo, sufuria, redio, baiskeli zisizo na mnyororo: chochote ambacho ndugu zetu wa Auckland wamekichoka na kukisokomeza ndani ya pipa la mizigo, kikishuka bandarini huishia mezani kwangu, soko la Jumamosi, hapa kisiwani kwetu, Nuku'alofa. Kwa miaka mingi meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya Vaimoana, na kama kuna mtu aliyenipunguzia riziki kwa kusema kweli mbele ya wateja wangu, ni huyo.

"Dada Kalo, hizi diski tupu zako ni za kufukuzia ndege shambani," alikuwa akisema, tena kwa sauti. "Mtu akichoma harusi yake humu, mwaka hauishi harusi inabanduka."

"Mwache mteja achague mwenyewe."

"Achague. Mimi namwambia tu anachochagua."

Ufundi hakuusomea popote. Kompyuta mpakato yake ya kwanza ilimjia ndani ya pipa la shangazi yake, imeviringishwa blanketi, imekufa. Aliifungua kwa kisu cha jikoni, akaifunga, akaifungua tena, mpaka siku moja ikawaka. Ya pili aliiharibu, lakini alijua kwa nini. Watu wa namna hiyo nawaheshimu. Mimi mwenyewe bei nilijifunza kwa kupata hasara.

Siku zile waya wa mtandao wa chini ya bahari ulikuwa haujafika kwetu. Video hazikupita hewani, zilipita mikononi. Mtu akizikwa, akioa, mtoto akitimiza mwaka, yote yalichomwa kwenye diski na kubebwa na yeyote aliyekuwa anapanda ndege. Kazi ya Vaimoana haikukauka, na nusu yake ilitokana na mafuta ya nazi. Sisi tunajipaka tangu asubuhi, na diski ikikwaruzika mtu hudhani nayo ni ngozi.

"Haisomi," bibi mmoja alimwambia, akimpa diski inayong'aa kama samaki.

"Umeipaka nini, bibi?"

"Kidogo tu. Niliiona imekauka."

"Bibi, hii si goti."

Aliiosha kwa maji na tone la sabuni, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Kamwe hakufuta kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata duara ndio unaoipotezea mashine njia. Kisha akavuta trei ya kompyuta aliyokuja nayo bibi na kulisafisha lile jicho dogo linalosoma, lililo kama kichwa cha kiberiti, kwa pamba kavu, pole pole. Mafuta yalikuwa yamefika hadi humo na kushika vumbi. "Mafuta ni ya watu," alimwambia. "Mashine ipe kitambaa kikavu, na uifunike isiingiwe na chumvi ya baharini."

Lakini alichokiogopa zaidi ni diski ngumu, ile inayokaa tumboni mwa mashine na kutunza kila kitu. Diski ya sinema ikiumia, alisema, kidonda unakiona. Ile ya ndani huumwa kimya kimya, na ikianza kulalamika ujue inaaga. Aliwakataza watu kuilaza kompyuta juu ya godoro ikiwa imewaka, ikakosa pa kupumulia. Aliwakataza kuibeba ikiwa inazunguka. Na kila aliyeondoka mezani pake aliondoka na neno lile lile: "Kitu ulichokiweka mahali pamoja tu, hesabu huna."

Mji mzima ulimsikiliza isipokuwa Feleti, mdogo wake wa kiume, na huyo hakuwa mkaidi. Kwetu dada na kaka hawaketi chumba kimoja kutazama sinema. Kaka haingii anapolala dada, dada hagusi vitu vya faragha vya kaka. Yakianza kutajwa mambo ya mapenzi na wote wawili wapo, mmoja anakumbuka ana kazi nje. Sasa kompyuta ya kijana ambaye hajaoa ni nini, kama si kitanda chake? Ndiyo maana Vaimoana alitengeneza mashine za wanaume wa kila kijiji, lakini hii moja, iliyokuwa ikiliwa na chumvi hatua chache kutoka mlangoni pake, hakuifungua hata siku moja. Feleti alipiga video za harusi kwa malipo, na mashine aliibeba nyuma ya gari la mizigo huku imewaka, akihamisha picha njiani. Dada yake alimwona, akageuza uso.

Mwaka mmoja baba yao alifariki. Kaka yao mkubwa, Saia, alikuwa Australia, Robinvale, anachuma zabibu kwa mkataba, na mkataba haukumruhusu kuja. Wakati wa mazishi mahali pa Vaimoana na Feleti palikuwa nyuma, kwenye moto na moshi, kama ilivyo desturi ya ukoo wao kwa watoto wa marehemu. Mbele, karibu na maiti, walikaa wa upande wa shangazi. Kwa hiyo kamera ya Feleti ilishikwa na binamu yao Penisimani, mtoto wa shangazi. Watoto wa mzee wenyewe hawakuona kitu.

Feleti aliihamishia ile video kwenye kompyuta yake, akaifuta kwenye kamera, maana wiki iliyofuata alikuwa na harusi ya kupiga. Penisimani naye akapata nafasi ya kwenda zabibuni. Ndege yake ilikuwa Jumatatu alfajiri, na ilikubaliwa kwamba atampelekea Saia diski ya mazishi. Baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kusafiri hadi msimu mwingine.

Jumamosi, siku mbili kabla ya ndege, Feleti alikuja mezani kwangu na mashine kwapani. Alisimama akiipa mgongo meza ya dada yake.

"Mama Kalo, unainunua hii?"

"Inawaka?"

"Inawaka."

Niliiwasha. Kioo kikabaki cheusi, na tumboni kukaanza: tik, tik, kimya, tik.

"Inawaka kama kuku aliyechinjwa anavyotembea," nikamwambia.

"Fundi wa kule gatini kasema nifute kila kitu, itapona. Mwenyewe sina moyo wa kufuta. Chukua wewe, uza vipande."

"Na mazishi ya baba yako?"

Alikuna shingo. "Penisimani atamsimulia Saia kwa mdomo."

Nilishaanza kutaja bei, na ilikuwa bei ya chini kabisa, maana mtu anayeona haya habishani. Ndipo meza ya pili ikasema, bila kugeuka:

"Dada Kalo, usinunue. Na mwambie aliyeiwasha aizime. Sasa hivi."

Aliyeiwasha nilikuwa mimi. Nikaizima.

"Muulize kama ilianguka," akasema Vaimoana.

"Ilianguka?" nikamuuliza Feleti, ambaye alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake na anasikia vizuri kuliko mimi.

Feleti alizitazama sufuria zangu. "Mwambie haikuanguka. Iliruka kidogo, kwenye gari."

"Iliruka kidogo, kwenye gari."

"Mwambie mashine si panzi." Alikuwa ameshika bisibisi, akaongea nayo kana kwamba ndiyo iliyouliza. "Haijafa. Mkono unaosoma unatafuta njia hauioni, na kila ikiwashwa inajikwangua zaidi. Itakubali mara moja, labda mbili. Akiifuta, basi tena."

"Si uifungue wewe?" nikasema.

Shingo ya Feleti ilibadilika rangi. "Mama Kalo," akanong'ona, "humo mna mambo yangu."

"Nami sitaki kuyajua," bisibisi ikaambiwa.

Muuza aiskrimu wa upande wa pili alikuwa ametega sikio. "Itieni kwenye friza! Shemeji yangu alitia, ikapona!"

"Ikitoka humo itatoka jasho kama wewe," Vaimoana akamjibu. "Kwa hewa yetu hii? Maji yataingia ndani, itazama pakavu."

Mimi mambo ya kompyuta sikuyajua. Lakini watu wawili wanaotaka kitu kile kile na hawawezi kuketi pamoja, hao nawajua, ndio wanaonilisha. Nilichomoa blanketi kwenye rundo langu nikalitundika kati ya meza mbili.

"Vaimoana, wewe baki huko na masikio. Mimi nitakaa huku na macho na mikono. Kijana asimame nyuma yangu, aone kila ninachogusa. Nani ana la kupinga?"

Hakuna aliyepinga. Bisibisi ikapita chini ya blanketi. Feleti akafungua kifuniko cha tumbo la mashine, akaitoa ile diski ngumu, kidude cha bati kisichojaza kiganja. Ikafuata kompyuta ya Vaimoana mwenyewe, kioo kikinielekea mimi, na waya wa kuunganisha. Sauti ikaagiza diski ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, na mtu asiiguse wala asiegemee meza.

"Unaona nini?"

"Folda, nyingi."

"Usiyasome majina."

"Nitaijuaje bila kusoma?"

"Feleti akuoneshe kwa kidole." Ndiyo mara ya kwanza asubuhi ile kumtaja kwa jina. "Na muulize aanze na ipi. Ikifa katikati, kilichotangulia ndicho kitakachobaki."

Zilikuwa mbili za kuokoa, mazishi na ile harusi, ambayo nayo alikwisha kuifuta kwenye kamera. Harusi ilikuwa imelipwa, na malipo yalikuwa yameliwa. Sikungoja kuulizwa. "Anza na harusi," nikamwambia Feleti. "Waliooana wako hai, wana midomo na wana mama zao. Marehemu hatakuja kukudai."

Nilitegemea blanketi lingefoka. Halikufoka. Lilitulia kabisa. Niliudhika kidogo: baba ni wake pia, mbona hasemi? Ilinichukua muda kuelewa. Kwetu dada akimwomba kaka jambo, kaka hana mlango wa kukataa. Angesema neno moja, uamuzi ungekuwa wake, na hasara ya harusi ingekuwa ya Feleti. Kwa hiyo alifunga mdomo. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimeshinda kwa kusema, sijawahi kuona mtu akilipa ghali namna ile kwa kunyamaza.

Feleti alinyoosha mkono juu ya bega langu. Kisha akagusa kioo. "Hii. Ya baba."

Ikaanza. Kulikuwa na mstari mdogo wa kijani uliokuwa ukisogea kama konokono, na mimi nikaukodolea macho huku wateja wakipekua rundo langu na kuondoka. Vaimoana hakuhitaji mstari. "Simamisha," alisema mara, kabla kioo hakijaonesha lolote, na kweli, mara tik ikaja. "Iache ipoe." Tukapepea kwa kipande cha boksi. "Endelea." Tulikwenda hivyo mpaka jua likapita juu ya maturubai yetu na wauza viazi wakaanza kufunga magunia. Mazishi yakaingia yote. Tukagusa ya harusi. Mstari ukasogea kidogo, diski ikatoa mlio mwembamba kama wa mbu, ikanyamaza.

"Imekwisha," likasema blanketi.

Feleti aliinama, akachuchumaa, mikono kichwani. Sikumwambia kwamba nilimwonya. Nilitaka sana.

Vaimoana aliichoma video ya mazishi kwenye diski yake, si yangu, kwa mwendo wa chini kabisa, maana ikichomwa kwa pupa mashine za kambini kwa wachuma zabibu haziisomi. Kisha akafanya alilofanya kwa kila diski: akaiweka kwenye trei kuikagua. Alilitoa blanketi mwenyewe, akakigeuza kioo kikatazama njia. "Mazishi hayana aibu," akasema. Yeye akatazama akiwa kwake, Feleti akatazama akiwa kwangu.

"Kumbe walimvika baba ule mkeka wa bibi," Vaimoana akasema, bila kumwambia mtu.

"Sikujua kwaya ya visiwa vya Ha'apai ilikuja," Feleti akaziambia sufuria.

Penisimani alikabidhiwa diski mbili, moja mfukoni na moja kwenye begi, kabla jua halijazama. Jumapili kwetu hakuna mtu anayeinua hata nyundo.

Ikabaki harusi. Kwa wazazi wa bibi harusi Feleti asingeweza kwenda kuomba radhi mikono mitupu. Viazi vikuu na nguruwe ni vya mwanamume, alivipata. Mkeka mzuri hutoka mikononi mwa wanawake, na yeye mke hana. Katikati ya juma Vaimoana alikuja nyumbani kwangu na mkeka ulioviringishwa. Niliushika. Ulikuwa mwembamba, laini kama kitambaa, kazi ya miaka.

"Feleti akipita, mpe."

"Huu ulikuwa wa binti yako."

"Ulikuwa."

"Ninao mwingine mezani sokoni, unafanana. Tubadilishane, huu uuweke. Hawatajua."

"Msichana wa watu amepoteza siku yake nzima, Dada Kalo. Usimpelekee mkeka wa sokoni."

Mama wa bibi harusi, nilivyosimuliwa, aliugeuza mkeka akakagua kingo, kama ambavyo ningefanya mimi. Akaupokea. Hakutabasamu. Alisema kijana anayetunza harusi za watu mahali pamoja tu heri angetafuta kazi ya kuvua kaa. Feleti alikuja Jumamosi kunieleza hayo, amesimama pale pale, mgongo kule kule.

"Mwambie mama huyo ana akili," ikasema meza ya pili.

Sasa Feleti ana diski ngumu mbili za kuchomeka nje. Moja hukaa nyumbani, na nyingine huiweka mezani kwangu kila mwisho wa mwezi, imefungwa kwenye kitambaa. Vaimoana huichukua, huichomeka kwenye kompyuta yake akiwa amekizima kioo, huinamisha sikio. Hajawahi kutazama kilichomo. Husikiliza kitambo, huikunja tena kwenye kitambaa chake, huirudisha kwangu na kusema, "Nzima." Nami namgeukia Feleti, aliyesimama hapo hapo, namwambia ni nzima.