Kufuli na Kompyuta Isiyopumzishwa

Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, huitwa Kufuli na wote wanaomfahamu, na jina hilo halimkeri hata kidogo. Katika ofisi yetu ndogo ya upimaji wa viwanja, aliyoianzisha mume wangu, yeye ni mchoraji wa ramani, karani, mtunza funguo na, kwa maoni yake mwenyewe, ndiye peke yake mwenye akili timamu humo ndani. Mgeni akiingia kuulizia bei, Kufuli huigeuza ramani iliyo mezani ikalala kifudifudi. Akipigiwa simu na namba asiyoijua, haitikii. Hukaa kimya na simu sikioni mpaka wa upande wa pili achoke na kujitaja.

Alisomea uchoraji wa ramani akafaulu vizuri, na hakuolewa. Wachumba walikuja, lakini aliwahoji mmoja baada ya mwingine hadi wakakumbuka shughuli nyingine. Mume wangu alikuwa akicheka, "Dada angepewa kituo cha mpakani, nchi isingepitisha hata nzi."

Kompyuta ya ofisi ndiyo aliyoilinda kuliko vyote. Alikaa mbele yake tangu anapofungua mlango mpaka anapofunga. Chakula alikula pale pale, mkono wa kulia na kijiko, wa kushoto ukisogeza kipanya ili skrini isije ikalala, maana aliamini kompyuta iliyoachwa peke yake ni sawa na nyumba iliyoachwa wazi. Akitoka, hata kama ni kwenda msalani tu, aliizima, akazima na swichi ya ukutani, kisha akachomoa waya. Nilimtazama miaka yote hiyo nikijiuliza, mtu anayelinda namna hii analinda nini?

Nilipata sababu ya kuuliza kwa sauti baada ya mume wangu kufariki. Mteja wetu mmoja, mwenye maghala, alitushtaki kwenye chama cha wapima ardhi. Alisema marehemu aliweka jiwe la mpaka mahali pasipo pake, naye kwa kulifuata akajenga ukuta ndani ya kiwanja cha jirani, na sasa ameamriwa aubomoe. Tena akasema hakuna aliyemtahadharisha. Chama kikatuandikia tulete uthibitisho kama upo. Tusipouleta, jina la mume wangu litafutwa katika orodha ya wapima, na ofisi ambayo binti yangu amerithi kuiendesha kwa jina hilo hilo itafungwa. Binti alikuwa mbali kazini, kwa hiyo jambo hilo likabaki mikononi mwetu, wajane na wasioolewa.

"Ndugu yangu alimwandikia," Kufuli alisema nilipomwonyesha barua ya chama. "Aliniambia kwa mdomo wake, 'Dada, nimeshamwandikia asijenge.'"

"Basi itoe hiyo barua pepe tuione."

Akaandika jina la mwenye maghala katika kile kisanduku cha kutafutia. Zikatoka barua chache, zote za baada ya msiba. Akaandika "ukuta". Hakuna kilichopatikana. Akaandika "jiwe". Hakuna.

"Inakuwaje?" nikamuuliza. "Mashine inayakumbuka ya juzi, ya mume wangu yote imeyasahau?"

"Usinihoji kama polisi, wifi."

"Polisi wangekuwa wameshakuweka ndani."

Tulijaribu kutafuta kwa macho. Barua zilikuwa maelfu, zimepangwa na Kufuli katika folda zisizo na idadi, na tulizipekua za mteja yule zote mpaka macho yakatoka machozi. Tulikuta habari za malipo, za lango na za mbwa wa jirani, lakini onyo halikuwapo.

Nikakumbuka siku ya mazishi. Mwenye maghala alimvuta Kufuli pembeni, karibu na maturubai, wakanong'onezana, na Kufuli aliporudi uso ulikuwa umekunjamana. Sikumuuliza wakati ule. Sasa nilianza kuliona jambo lile kwa sura nyingine. Mtu mmoja ndiye aliyekuwa na ufunguo na neno la siri, na barua moja ilikuwa imepotea. Nilitoka nikamtafuta fundi wa kompyuta, na sikumwambia Kufuli.

Fundi alikuwa baba wa makamo, mnene, mcheshi, mwenye begi kubwa mgongoni. Kufuli alimsimamisha mlangoni.

"Begi liache hapo nje."

"Dada yangu, vifaa vyangu vyote vimo humu."

"Vitaje. Nitakuletea kimoja kimoja."

"Mimi nimekuja kutibu kompyuta, si kuioa," fundi akasema, lakini begi akaliweka chini.

Nilimwita kando nikamuuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana kujua nani kafuta barua na siku gani. Akanitazama, kisha akamtazama Kufuli aliyekuwa ametega sikio kule ndani.

"Mama, kwanza tuhakikishe kama kuna kilichofutwa. Nisije nikawagombanisha bure."

Alipoketi, hakuanza kutafuta barua yetu. Alifungua folda moja ya zamani kwa mkono, akachagua barua iliyokuwa wazi mbele ya macho yetu, ya kuagiza karatasi za kuchorea. Akachukua neno "karatasi" ndani yake, akabadilisha mpangilio ili mashine itafute katika folda zote na si ile iliyofunguliwa peke yake, akaliandika kisandukuni. Hakuna kilichopatikana.

"Mmeona? Barua hii hapa tunaisoma, na mashine inaapa kwamba haipo. Kwa hiyo zenu hazijafutwa. Anayezitafuta ndiye kipofu."

Kufuli akanigeukia taratibu. "Umesikia, wifi?"

"Nimesikia kuhusu barua ya karatasi," nikamjibu. "Yetu bado sijaiona."

Fundi akatueleza kwamba programu ya barua haisomi barua zote upya kila inapoulizwa neno. Inatumia fahirisi, kama ile ya nyuma ya kitabu, inayosema neno fulani liko wapi, na ambacho hakijaingia katika fahirisi ni kama hakipo. Tulipobadilisha kompyuta baada ya msiba, barua za zamani zilihamishwa salama, lakini fahirisi ilitakiwa kuandikwa upya tangu mwanzo. Akafungua ukurasa wa mipangilio. Palikuwa na hesabu ya barua zilizokuwa bado zinasubiri, na ilikuwa karibu sawa na barua zote tulizonazo. Chini yake mashine ilisema kwamba inaenda polepole kwa sababu mtumiaji yuko kazini.

"Kazi hii huifanya ikiwa imewashwa na hakuna anayeigusa," fundi akasema. "Nyinyi huwa mnaiacha hivyo saa ngapi?"

"Haiachwi," Kufuli akasema, kidevu juu.

"Hata wakati wa chakula?"

"Nakula nikiwa nayo."

"Na mkifunga ofisi?"

"Nazima. Nachomoa na waya."

Fundi akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Dada, mashine hii hujawahi kuipa hata nafasi ya kuvuta pumzi. Ukiwapo unaisumbua, usipokuwapo imekufa. Sasa itasoma saa ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi, na sikujua niifanyie nini hasira niliyokuja nayo. Fundi aliifuta fahirisi ile iliyokwama, akaamuru iandikwe upya, akaizuia kompyuta isilale yenyewe, akatuambia tuiache mpaka hesabu ifike sifuri.

"Iachwe? Imewashwa? Na wewe umeshaingiza mikono yako humo?" Kufuli aling'aka. "Haiwezekani."

"Wifi," nikamwambia, "unaogopa isome nini?"

Nikaona vidole vyake vimeshika ukingo wa meza, na shaka yangu, iliyokuwa imeanza kulala, ikaamka tena.

Tukaafikiana kwamba tutakaa chumbani sisi wawili, milango imefungwa, na hakuna atakayegusa kitu. Fundi akaenda zake. Ilikuwa siku ya mapumziko, barabara ya nje imetulia, na sisi tumeketi kama watu wanaongojea daktari atoke chumba cha upasuaji. Kufuli alikalia mikono yake. Kila skrini ilipofifia alitaka kuruka, nami nikakohoa kumzuia. Hesabu ilianza kupungua, kwanza kwa kusuasua, baadaye mbio.

"Mwenye maghala alikuambia nini siku ya mazishi?" nikamuuliza bila kumtazama.

"Ndicho ulichokuwa unakitafuna muda wote huu?"

"Jibu."

"Aliniuliza kama barua za marehemu tunazitunza au zitatupwa. Nikamwambia hayo hayamhusu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia, wifi. Ningekuambia nini?"

Hapo alikuwa na haki. Lakini mtu anayeulizia barua za maiti siku ya mazishi ana barua moja inayomkera, na tangu dakika ile shaka yangu ikahama nusu, ikaenda kukaa kwa mwenye maghala. Nusu nyingine ilibaki pale pale.

Hesabu ilipofika sifuri, nilivuta kiti nikakaa mimi kwenye kompyuta. Kufuli akasimama nyuma yangu. Nikaandika "karatasi", na barua zikamiminika, hata za miaka niliyokuwa nimeisahau. Nikaandika "ukuta" pamoja na jina la mteja: malalamiko ya lango, malalamiko ya mbwa. "Tahadhari": hakuna. "Usijenge": hakuna. Kila neno nililoliwaza nililijaribu. Nyuma yangu Kufuli alipumua kwa nguvu kama aliyepanda ngazi.

"Andika 'nilikosea'," akasema.

Niligeuka. "Nani alikosea?"

"Andika tu, wifi."

Nikaandika. Ikatoka barua moja. Ilikuwa katika folda ya Harusi na Misiba, na kichwa chake kilisema: Mwaliko wa harusi ya binti yetu, yaani binti wa mwenye maghala. Mume wangu alikuwa na mazoea ya kujibu barua yoyote iliyo juu, hata kama anachotaka kusema hakihusiani nayo, na Kufuli alizipanga barua za ndugu yake kwa kutazama vichwa, bila kuzisoma, kwa heshima. Basi barua ikawekwa kwenye harusi.

Iliandikwa hivi: "Ndugu, asante kwa mwaliko, tutafika mimi na mke wangu. Jambo la pili, tafadhali usichimbe msingi kwanza. Alama ya upande wa mfereji nilikosea kuiweka, nilisoma vibaya kipimo. Dada yangu ameligundua kosa wakati wa kuchora ramani. Nitakuja kuihamisha bila malipo. Nisamehe kwa usumbufu."

Niliisoma tena. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kulifikiria neno hilo pamoja na kazi ya mume wangu. Nilimjua kuwa mtu asiyekosea, na ndivyo nilivyowalea wanangu wamjue. Ndiyo maana nisingeliandika kamwe katika kisanduku kile, hata ningekaa pale wiki nzima.

"Ulijua," nikasema.

"Mimi ndiye niliyeliona."

"Ukanyamaza muda wote huu?"

"Ulitaka nikutangazie matangani? 'Poleni wafiwa, marehemu alikosea jiwe'?" Akakaa. "Nilitaka barua ipatikane, na nilitaka isipatikane. Sasa nimeshakuambia."

Hicho ndicho alichokuwa akikilinda. Nilikuwa nimemshuku kwa haki, isipokuwa nilikosea kukisia alichoficha.

Kisha, kama ilivyo tabia yake, akapata mpango. Tuchape, akasema, lakini tukate kipande cha katikati, tubakize "usichimbe msingi" tu. Inatosha kutuokoa, na ndugu yake atabaki msafi.

"Hapana."

"Wifi, jina!"

"Mimi nikiletewa karatasi iliyokatwa katikati, nitaulizia kipande kilichokatwa kwanza. Nao watauliza. Itakwenda nzima. Alikosea, akasema, na alisema kabla hata tofali moja halijawekwa. Anayetaka kulifuta jina la mtu kama huyo, alifute mbele yetu tukimwona."

Mbele ya kamati ya chama, mwenye maghala aliisoma barua ile akatokwa na jasho. Alisema yeye alisoma habari ya harusi tu. Simu yake, alidai, huonyesha mistari ya juu tu.

"Mazishini uliniuliza kama barua tunazitunza," Kufuli akamwambia kutoka upande wa pili wa meza. "Ulikuwa unaulizia ya harusi?"

Mtu yule akapangusa uso. Mimi hadi leo siamini kwamba hakuisoma yote, lakini sina uthibitisho, na kamati haikutaka kuingia huko. Waliamua kwamba kosa liligunduliwa na mteja akaarifiwa kabla ya kujenga, jiwe lihamishwe kama marehemu alivyoahidi, na jina lake libaki katika orodha. Binti yangu aliendelea na kazi.

Katibu aliyekuwa akiandika uamuzi akainua kalamu. "Kosa liligunduliwa na nani?"

"Na ofisi," Kufuli akasema upesi.

"Na dada wa marehemu," nikasema mimi, "mchoraji wa ramani."

Akanifinya chini ya meza. "Wifi, hayo ni mambo ya ndani. Andika ofisi."

"Andika dada yake," nikamwambia katibu. "Jina nitakutajia mimi, herufi kwa herufi, maana yeye hatakutajia."