Nyuzi Zilizochemshwa Bure

Mpiga solo akikosea, watu husema leo kaja na mtindo mpya. Mpiga besi akikosea, hakuna anayejua kilichoharibika, ila wachezaji miguu inawapotea na bibi harusi anageuka kuangalia jukwaa. Ndiyo maana sisi wapiga besi wa Mtwara tunapendana. Hakuna mwingine wa kutupenda. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana Magomeni ya hapa hapa Mtwara, kwenye baraza ya Petro fundi redio, sisi wa kwaya, wa taarabu na wa bendi za harusi, kila mtu na gitaa lake begani, na mazungumzo yetu hayana faida kwa binadamu mwingine yeyote.

"Usichomeke besi kwenye sabufa ya nyumbani, utaipasua."

"Nani kasema? Yangu inakwenda mwaka wa pili."

"Yako haijapasuka kwa sababu hujajua kupiga."

Ndivyo tulivyo. Mmoja atakwambia uweke ndani ya mfuko wa gitaa zile pakiti ndogo zinazokuja na viatu vipya, zinyonye unyevu wa bahari. Mwingine atakukataza kuliacha gitaa chini ya bati mchana, shingo isije ikapinda. Ukibisha, mnabishana mpaka magharibi. Lakini mjadala ukitushinda, tulikuwa tunageuka wote kumtazama Isaya.

Isaya Mwakatobe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, aliletwa Mtwara na kazi ya bandari na hakurudi tena. Anaendesha foklifti. Kanisani kwake ndiye mpiga besi wa kwaya tangu kwaya haijawa na sare. Hatukujua mtu mwenye sikio kama lake. Zamani alikuwa anasimama nje ya baraza, amempa mgongo mpigaji, na kusema, "Uzi wa tatu umeshuka kidogo," na kweli ukiupima umeshuka. Tukambandika jina la Daktari, naye akalipokea bila kujivunga.

Dawa yake ilikuwa moja. Nyuzi za besi hapa kwetu hazipatikani dukani, mpaka uagize Dar, kwa hiyo zikichoka tunazichemsha. Unazivua, unazikunja ndani ya sufuria, unatia tone la siki, unaacha zitokote zitapike jasho na uchafu wa vidole. Ukizikausha juani zinalia upya siku kadhaa. Si uchawi, jambo lenyewe ni la kweli. Tatizo ni kwamba miaka hii ya karibuni Daktari alikuwa haoni ugonjwa mwingine ila huo. Ukipiga, anakunja uso, anainamisha kichwa. "Zimekufa hizo. Kachemshe." Wiki inayofuata, "Zimekufa." Tukachemsha. Mke wangu Mwanaidi alifika mahali akaficha sufuria zote akaniachia kopo la maziwa. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje nyuzi za mji mzima zife pamoja.

Sasa kuna Jafari, mtu wa Nanyamba, familia yao ina mikorosho na mihogo. Ana mke na mtoto, ni mpole mpaka anaudhi. Alikuwa anapigia bendi ya harusi ya Hemedi kwa besi ya kuazima, na Hemedi akamwambia wazi kwamba msimu wa harusi ukianza anataka mtu mwenye besi yake mwenyewe. Korosho zilipouzwa, Jafari akanunua. Ilikuwa besi kuukuu ya Kijapani, rangi ya kahawia, ina kovu la moto wa sigara karibu na vifunguo vya kukazia nyuzi. Akaileta barazani kabla hata hajaipeleka kwa Hemedi.

Akapiga. Petro mwenyewe aliinua uso kutoka kwenye redio aliyokuwa anaifungua. Sauti ilitoka nene, yenye makali kama kucha mwanzoni, kila noti ikionekana ilikoanzia. Tulitazamana. Lakini hakuna aliyesema kitu, maana Daktari alikuwa hajasema.

"Zimekufa," alisema Isaya. "Kachemshe, mdogo wangu."

Jafari akaenda akachemsha. Jumamosi iliyofuata akarudi, akapiga, Isaya akainamisha kichwa muda mrefu.

"Basi si nyuzi," alisema. "Ni ubao wenyewe. Sauti inazama humo humo. Kabadilishe mapema, kabla hujaaibika mbele za watu."

"Sawa, kaka nkubwa," alisema Jafari.

Sokoni yupo muuza vyombo vya muziki anayebadilishana. Jafari akampa ya kahawia, akachukua nyekundu mpya inayong'aa kama pipi. Ilikuwa inalia kama debe lenye mchanga, lakini Isaya alisema hiyo angalau ina uhai, nasi tukampongeza Jafari. Tulimpongeza kwa makofi. Mpaka leo nikiyakumbuka yale makofi natafuta pa kuangalia.

Haukupita muda akaja barazani mtu mgeni, Goodluck, mwalimu aliyehamishiwa shule ya Mtawanya. Hakuwa anajua nani ni nani kwetu. Alifungua mfuko wake, akatoa besi ya kahawia yenye kovu la sigara, akasema ameikuta sokoni na haamini bahati yake. Jafari aliitambua kabla haijatoka yote. Akashusha macho kwenye ile nyekundu aliyoipakata.

Goodluck akapiga. Nini niseme? Iliimba.

"Ubao wa hiyo umekufa," alisema Isaya.

Goodluck alicheka, akidhani ni utani wetu. "Kaka, hii? Hebu tuzipime basi. Hii na ile nyekundu ya ndugu hapa."

Kupima tunapenda. Petro akatundika khanga ya mkewe mlangoni, Goodluck akaingia ndani na magitaa yote mawili, sisi tukabaki nje kutaja ipi ni ipi. Wala haikuwa kazi ngumu. Kila aliyetaja alipatia, maana tofauti ilikuwa kama ya ngoma na debe. Isaya akataja wa mwisho. Akakosea. Tukacheka sana, tukijua anatutania.

"Rudia," alisema.

Goodluck akarudia. Isaya akasogea mpaka khanga ikamgusa shavu. Akataja, akakosea tena. Safari hii waliocheka walikuwa wawili tu.

Hapo ndipo simu ilipoanza kuita. Ilikuwa simu ya Isaya, kile kitochi chake chenye mlio mwembamba kama wa nyenje, ameiacha juu ya meza ya Petro badala ya mfukoni ambako hutetemeka. Ikaita. Sote tulimtazama aipokee. Yeye alikuwa ameikazia macho khanga, akisubiri Goodluck apige tena. Ikaita mpaka ikakata. Ikaanza upya.

"Isaya," alisema Petro. "Simu yako."

Isaya hakugeuka. Petro ikabidi amguse bega na kuionyesha kwa kidole. Isaya akaiona taa ya simu ikiwaka na kuzima. Akatutazama mmoja mmoja, na nyuso zetu zilikuwa zimeshasema kila kitu. Nimewahi kuona watu wazima wakifumaniwa, lakini sijaona uso ukiishiwa kama ule.

"Spika ya Petro imelegea," alisema.

Jafari akaanza kuikunja ile khanga, taratibu, pembe kwa pembe, apate kazi ya kufanya na mikono yake. Isaya akachukua gitaa lake akaondoka, hata waya wake akauacha umelala sakafuni.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Alituma ujumbe kwamba meli za korosho zimejaa gatini, kazi ni nyingi. Kazi zilikuwa nyingi kweli, ila foklifti hazifanyi kazi kila Jumamosi ya Mungu. Sisi nasi tulizungumza habari za waya na jeki kwa sauti ndogo, kama waliofiwa, na hakuna aliyetaja kuchemsha.

Siku moja akanipigia. Akasema haraka haraka, kabla sijajibu, kwamba anaomba nimpeleke Nanyamba kwa pikipiki yangu, kisha akakata. Nikamkuta nje ya nyumba yake amebeba besi yake mgongoni. Njiani alizungumza yeye peke yake. Upepo wa pikipiki ulikuwa unanichukulia maneno yangu, na nadhani ndiyo maana aliamua kusemea pale.

Alisema kwamba Helena, mkewe, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya, amemwambia kwamba kanisa zima linajua. Rebeka, mwalimu wa kwaya, kwa muda mrefu amekuwa akimwacha Isaya akaze trebo, ile sauti nyembamba ya besi yake, mpaka mwisho, kisha anamwashiria fundi mitambo airudishe kimya kimya, maana watoto wa mbele walikuwa wanaziba masikio.

"Nikamwuliza Helena, mbona hukuniambia? Akasema, nimekwambia mara ngapi? Kila nikikwambia, unasema mimi ndiye ninayenong'ona."

Tulikuwa tumeshaiacha lami ya mjini, mikorosho imeshika pande zote mbili.

"Bandarini tuligawiwa vifuniko vya masikio vya kukinga kelele za mitambo," alisema. "Mimi vyangu nilivaa shingoni. Niliwaambia wenzangu vinanizuia kusikia."

Hospitali walikuwa wameshampima. Kilichokwenda hakirudi. Sauti nyembamba zote zimemtoka, amebaki na mvumo wa chini. Besi ya kahawia, besi nyekundu, kwake ni uji mmoja.

"Na nilijua," alisema mgongoni kwangu. "Usinione hivi. Si yote, lakini nilijua. Nyenje sijawasikia siku nyingi. Nilikuwa naona aibu. Nikasema, nikiendelea kuwaambia nyuzi zimekufa, na nyinyi mkiendelea kunikubalia, basi ni nyuzi, si mimi."

Hata ningemjibu, asingenisikia.

Kwa akina Jafari tulimkuta mama yake, Bi Hawa, anamenya mihogo uani. Alitukaribisha, akatutandikia mkeka barazani, akamwita mwanawe kutoka nyuma. Jafari alipomwona Isaya alikuja mbio kumpokea mzigo, na Isaya alipoona vile ndipo alipozidi kuharibika. Alikuwa amejiandaa kutukanwa.

Hakukaa. Alizungumza akiwa amesimama hivyo hivyo.

"Hii besi ni yako. Ile yako niliiua mimi, ilikuwa nzima. Goodluck kainunua kihalali, siwezi kumnyang'anya. Chukua hii."

"Na kwaya je, kaka nkubwa?"

"Kwaya wamenivumilia vya kutosha."

Jafari aliiweka ile besi mapajani. Hakuifungua. Akawa anavuta zipu ya mfuko mbele na nyuma.

"Besi si tatizo, kaka," alisema hatimaye. "Nitasema ukweli, usikasirike. Ile ya kwanza mimi nilikuwa naisikia nzuri. Nzuri sana. Nilipoinunua sikulala. Lakini wewe ukasema imekufa, na wewe hukosei. Nikasema basi ni mimi. Masikio yangu ndiyo mabovu." Alicheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi. "Toka siku ile nikipiga sijiamini. Sijui ninachokisikia kama ndicho. Kwenye harusi natafuta noti kama mtu anayetafuta swichi gizani. Hemedi kaniambia nipumzike kwanza."

Jafari alikuwa amesema kwa ile sauti yake ya chini, na sikujua kama Isaya ameyapata yote. Nikamtazama. Alikuwa amemkazia Jafari macho kwenye midomo, na machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. Aliyapata. Akaketi mkekani.

Bi Hawa akatoka na sahani ya korosho, akaona hali, akaiweka chini na kurudi jikoni.

"Toa," alisema Isaya. "Piga."

Spika haikuwepo. Jafari akafanya tunavyofanya tukiwa hatuna spika, akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa mbao, mlango ukawa ndio spika. Akagusa uzi wa kwanza, mlango ukaitika. Akasita. Kisha, kwa mazoea, akauliza kile tulichokuwa tunakiuliza sote miaka hiyo yote.

"Nyuzi zake vipi, kaka?"

Nilimwona Isaya akianza kuinamisha kichwa upande, kama kawaida yake. Akajizuia.

"Niambie wewe."

Jafari akapiga tena. Akamtazama Isaya usoni, akitafuta ruhusa ya kusikia. Isaya alipoliona hilo aligeuka, akampa mgongo, akakaa ameikabili mikorosho, asiwe na uso wa kusomwa. Jafari akanitazama mimi. Mimi nikaitazama pikipiki yangu.

Akafumba macho. Akapiga nyuzi zote nne, mmoja mmoja, polepole, akiuacha kila mmoja ufe wenyewe. Akarudia. Mimi nilikuwa nimeshajua jibu tangu noti ya kwanza, na ulimi uliniwasha, lakini nilijua nikisema nitakuwa nimemwibia.

"Nzima," alisema Jafari, kwa sauti ya chini.

Isaya hakugeuka. Mabega yake yalipanda, yakashuka. Katika Jumamosi zote zile za Magomeni, sikuwahi kumsikia akilisema neno alilolisema pale.

"Sijasikia," alisema. "Sema kwa sauti, mdogo wangu."

Jafari akavuta pumzi. Akasema kwa nguvu, hata Bi Hawa akachungulia kutoka jikoni:

"Nyuzi ni nzima, kaka. Nazisikia kabisa. Ni nzima."