Sitaki na kibao cha kimya

Saa moja na robo asubuhi, Babu Brashi anafagia banda namba tano kwa mara ya tatu. Hakuna uchafu. Ni mikono yake tu isiyotaka kutulia.

Ndani yumo farasi jike wa miaka miwili, wa rangi ya kahawia, mwenye kovu lisilo na manyoya linaloizunguka pua kama pete. Anaitwa Sitaki. Jina hilo alilipata kwa jasho lake, kwa kumkatalia kila mtu.

"Leo usinitie aibu, binti," anamwambia.

Sitaki anapiga chafya.

"Haya, hilo nalo ni jibu."

Saa nne atakuja mgeni wa tatu kumwangalia, kama atamchukua akamfuge. Wawili wa kwanza waliondoka mikono mitupu, maana Sitaki hakukubali kuvikwa hatamu, ile kamba ya kichwani ya kumwongozea. Kituo hiki cha kuokoa farasi kina mabanda manane, na wanyama kumi na mmoja wanasubiri nafasi. Farasi anayeshindwa mara tatu hutolewa kwenye orodha ya wanaotafutiwa makao. Baada ya orodha hakuna banda jingine. Kuna sindano ya daktari wa mifugo.

"Tangu juzi chakula hakipiti," anasema Babu Brashi, mwenye umri wa miaka hamsini na minane. "Mke wangu ananiuliza, anayeposwa ni wewe au farasi?"

Sitaki aliletwa miezi sita iliyopita akiwa na kilo 160. Alikuwa amefungwa nyuma ya ghala tangu utotoni, kwa hatamu isiyolegezwa hata siku moja. Kichwa kikakua, kamba ikazama nyamani. Daktari alitumia saa mbili kuitoa. Leo ana kilo 265, lakini mkono ukikaribia masikio yake bado anatetemeka. Mkono anaoukubali ni wa Babu Brashi peke yake.

Kabla ya kazi hii, mzee huyu alibeba matofali kwa mkokoteni wa farasi kwa miaka kumi na tisa.

"Nilikuwa na mjeledi," anasema, akiipapasa brashi inayokaa daima katika mfuko wake wa nyuma. "Wale sikuwaambia neno jema hata moja. Huyu namwambia kila kitu."

Mlangoni ametundika kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi: KIMYA TAFADHALI. Wageni wote hukitii.

Saa nne kamili anaingia mkunga mstaafu, mama mwenye shamba dogo na farasi mmoja mzee anayehitaji mwenzake. Anasoma kibao, anafunga mdomo, anainua hatamu. Sitaki anarusha kichwa na kurudi nyuma hadi ukutani. Mkunga anajaribu tena. Sitaki anamgeuzia makalio.

Msimamizi wa kituo, msichana wa umri wa bintiye Babu Brashi, anafungua kalamu alikate jina kwenye orodha. "Mzee," ananong'ona, "nisamehe."

Babu Brashi anarudi kinyumenyume bila kuangalia, anaikanyaga ndoo na kuanguka kwa goti. "Lo!"

"Pole, kaka!" mkunga anapayuka, kibao kimemtoka akilini.

Sitaki anainamisha kichwa.

"Hebu sema tena," msimamizi anasema.

"Niseme nini?"

"Hilo ulilomwambia mzee."

"Pole," mkunga anasema, sasa kwa sauti ya chini. Kichwa kinashuka hadi usawa wa kifua chake, na hatamu inapita masikioni bila vurugu.

"Yaani nimeumia mimi, pole kachukua yeye," anasema Babu Brashi akisugua goti, macho yamelowa.

Kwa miezi sita, kila alipoligusa lile kovu, alikuwa akimwambia pole bila kujisikia. Alidhani Sitaki anaujua mkono wake. Kumbe farasi alikuwa akisubiri neno, na waliolijua walinyamazishwa na kibao chake mwenyewe.

Jumatatu lori litamchukua Sitaki kwa majaribio ya siku thelathini. Akirudishwa, hana tena nafasi.

"Je, fundi wa kwato akimvamia kimya kimya?" anauliza Babu Brashi. "Je, mama akiugua, Sitaki akalishwa na mtu mwingine?"

Amekigeuza kibao. Upande wa pili ameandika: KWANZA MWAMBIE POLE. Kitapanda lori pamoja na farasi.

Siku ya thelathini atakwenda huko bila kupiga simu. "Nitasimama nyuma ya uzio, nisiseme kitu, asije akanisikia," anasema. "Nikimwona anainama kwa sauti ya mwingine, nitarudi nyumbani nikale."