Mbwa wa Watu kwa Mshona Nyavu

Mshona nyavu wa Nchelenge hushona kwa mkono mmoja. Ule wa pili kazi yake ni kuwaondoa paka juu ya nailoni, uzi mpya ambao wavuvi wanausifu. Chini ya kiti chake hulala mbwa walioachwa na vijana waliokwenda kutafuta kazi migodini. Huwafokea wote kutwa nzima, huku akiwachambulia samaki miiba. Kwa hiyo Patson, mmoja wa vijana hao, aliporudi kumchukua mbwa wake mwekundu, jirani Eness alidhani mzee atashangilia. Badala yake sindano ilisimama hewani.

“Patson, hii imbwa iko mwizi. Inakula samaki ya batu, inaogopa pusi, inalia sawa mutoto.”

Patson akamtazama mbwa wake, ambaye paka alikuwa akimlamba sikio.

“Kweli, muzee, iliharibika. Mubaki nayo tu.”

“Ee! Muniachie mimi muzigo?” alilalamika mshona nyavu. Eness aliuona mkono wa mzee chini ya kiti umemkamata mbwa shingoni, haumwachii.

“Musikasirike, muzee. Na kwetu kuko ingine mbili, wezi kupita hii. Kesho nitazileta.”

Mshona nyavu akaguna kama mtu aliyeonewa, kisha akauliza wanapenda samaki gani.