Sayrakan na Kadi ya Mbwa Mwitu

Ubongo wa Sayrakan ulikuwa haujambo mpaka Cholpon, mke wa mwanawe, alipohudhuria semina mjini Bishkek. Alirudi bingwa. Alifika kijijini na mumewe Ulan, akiwa na bahasha ya kadi za picha, akatangaza kwamba akili ya mzee isiponolewa huoza kama viazi. Mama atapimwa. Akishindwa atahamia kwao, ghorofa ya tisa, akanolewe kila asubuhi kwa mafumbo ya kwenye simu. Ng'ombe atauzwa, kwani ghorofa ya tisa haina malisho.

Sayrakan alimjua ng'ombe wa watu anayemwibia nyasi, na jirani anayemfungulia. Lakini hakuhudhuria semina, angejuaje kama ana akili?

Akawamiminia chai kidogokidogo, kama wageni wanaopendwa. Kibakuli cha chai kikijazwa, mgeni ameshaambiwa aende.

Kadi ya kwanza ilikuwa farasi, ya pili birika. Akazitaja. Cholpon akampongeza kwa sauti ya kumsifu mtoto aliyewahi kufika chooni. Ya tatu ilikuwa mbwa mwitu.

Hiyo Sayrakan akaisukuma kando. Marehemu baba mkwe wake aliitwa Börübay, na kwa lugha yao börü ndiye mbwa mwitu. Mke aliyelelewa vizuri hatamki jina la wakwe, wala kipande chake, hata mkwe akiwa kaburini.

"Ni yule anayelia mlimani," alisema.

"Jina lake, Mama."

"Yule mgeni wa zizini, asiyebisha hodi."

Cholpon akamtazama mumewe kwa ile huruma ya kwenye semina. Kisha akaanza kusema taratibu, kana kwamba uziwi nao umeshaingia, habari za chumba walichomwandalia na dirisha lake kubwa. Neno moja tu lingemwokoa Sayrakan. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akamwona ng'ombe wake akipandishwa lori. Akalimeza.

"Mwanangu," alisema, "na mimi nikupime. Marehemu baba yake Ulan aliitwa nani?"

Cholpon akafungua mdomo, akaufunga. Uso ukamwiva. Kama ni adabu au amesahau kweli, hakuna aliyeweza kujua, na kadi ya jambo hilo haikuwemo kwenye bahasha.

"Taja tu. Umempikia miaka mingi."

"Ni... yule baba," alisema Cholpon. "Yule mrefu."

Sayrakan akamgeukia mwanawe. "Maskini, na bado kijana. Huanza hivihivi. Nimwandalie chumba?"

Ulan alicheka mpaka chai ikampalia. Alipopata pumzi alikusanya kadi, akasema ng'ombe abaki, na Mama abaki naye. Cholpon alianza kueleza kwamba kitaalamu matokeo hayo bado yanatia wasiwasi.

Sayrakan alimsikiliza kwa heshima zote, akavuta birika, akamjazia kibakuli mpaka chai ikamwagika ukingoni. Maana ya hilo Cholpon hakuwa ameisahau.